Törbel, malisho ambayo hayakuwa shamba la bibi

Kitu cha wote kikianza kuliwa ovyo, Watanzania tuna jina lake: shamba la bibi. Kila mjukuu anachuma, hakuna anayepalilia. Mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin aliandika makala iliyolivika wazo hilo joho la kisayansi. Malisho yakiwa ya watu wote, alidai, kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, kisha mwingine, mpaka pabaki vumbi. Wafugaji wetu wamehubiriwa hoja hiyo mara nyingi tangu hapo, na kila ninapoisikia nakumbuka kijiji kimoja cha Uswisi.

Törbel iko katika jimbo la Valais, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, imeng'ang'ania mteremko mkali juu ya bonde la Visp. Wenyeji huongea Kijerumani cha huko kwao. Mvua ni haba kwa kipimo cha Uswisi, ndiyo maana tangu zamani maji ya mashamba yaliletwa kwa mifereji kutoka juu mlimani. Nyumba za mbao zimebabuliwa na jua mpaka zikawa nyeusi. Maghala ya nafaka husimama juu ya miguu, na juu ya kila mguu kumelazwa bapa la jiwe la mviringo ili panya akipanda akwame hapo.

Tarehe 1 Februari 1483 watu wa kijiji hiki walitia saini hati ya kusimamia mali yao ya pamoja: malisho ya mlimani, msitu na ardhi isiyolimwa. Mwaka 1517 ikaandikwa kanuni ambayo mimi naiona ni kazi ya akili kubwa. Hakuna mwanakijiji anayeruhusiwa kupeleka malishoni kiangazi ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha wakati wa baridi.

Theluji ikianguka, ng'ombe wa Törbel anakaa zizini miezi mingi akila nyasi kavu. Nyasi hizo zinatoka kwenye konde lako mwenyewe, umezifyeka kwa mkono na kuzibeba mgongoni. Kwa hiyo hakuhitajika mtaalamu wa kupima mlima unabeba mifugo mingapi. Kipimo kilikuwa kwenye ghala lako la nyasi, na jirani yako alikuwa analiona kila siku. Ukinunua ng'ombe wa harakaharaka mwezi wa tano ili umnenepeshe kwa majani ya wote, kijiji kizima kinajua.

Ng'ombe walihesabiwa mara wanapofika juu, na idadi yako ndiyo iliyoamua mgawo wako wa jibini msimu ukiisha. Aliyezidisha alitozwa faini na afisa wa kijiji, naye afisa aliruhusiwa kubaki na nusu ya faini hiyo. Hapo nilicheka. Kwetu nusu ya faini huishia mfukoni pia, tofauti ni kwamba Törbel waliiandika kwenye kanuni.

Kulikuwa na msaragambo vilevile: kutengeneza njia, kurudisha uzio uliobomolewa na maporomoko ya theluji, kusambaza samadi malishoni. Kuni na mbao zilikatwa kwa vikundi vya kaya, zikapangwa mafungu yanayolingana, kisha kila kaya ikapata fungu lake kwa kura.

Tusidhani lakini kwamba walikuwa wajamaa. Mashamba ya nafaka, bustani, mizabibu na makonde ya nyasi yalikuwa ya mtu binafsi, yakirithiwa na watoto wote, wa kike na wa kiume, mpaka vipande vikawa vidogo mno. Watu hao hao waliokata shamba vipandevipande waligoma kuukata mlima, kwa sababu majani ya mlimani ni machache, hayatabiriki, na kipande kimoja hakimtoshi mtu.

Haya tunayajua hasa kupitia Robert Netting, mwanaanthropolojia aliyewahi kuishi na kuwachunguza wakulima wa Kofyar nchini Nigeria kabla ya kupanda Törbel. Kitabu chake kilitoka mwaka 1981. Elinor Ostrom, msomi Mmarekani wa sayansi ya siasa, aliuchukua mfano huo akaufikisha kwa wachumi, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi. Napenda kwamba njia ya kwenda kumwelewa mkulima wa Uswisi ilipitia kwa mkulima wa Afrika.

Ila wanaoisifu Törbel mara nyingi husimulia nusu tu. Hati ile ile ya 1483 ilisema mgeni akinunua ardhi kijijini hapati haki yoyote ya malisho ya pamoja wala ya kukata mti. Wenye haki ndio waliokuwa na uwezo wa kuamua nani aongezwe, na uraia wa kijiji ulipita kwa baba. Binti alirithi konde sawa na kaka yake. Kwenye kura za taifa alisubiri hadi 1971. Unterbäch, kijiji kingine cha sehemu hiyo hiyo ya Valais, kilikaidi mapema: tarehe 3 Machi 1957 wanawake 33 walipiga kura, wakawekewa sanduku lao pembeni, na kura zao hazikuhesabiwa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anapendekeza tuige Törbel, nauliza kwanza ataandikwa nani kwenye daftari. Mimi mwenyewe ningefika pale mwaka 1484 na fedha zangu, ningeuziwa konde bila shida, nikajenga, nikanunua ng'ombe wawili na kuwalisha vizuri baridi nzima. Kisha kiangazi kingefika, majirani wangeswaga mifugo kwenda juu, kengele zinalia njia nzima, nami ningebaki uani na ng'ombe wangu wawili tukizisikiliza zikipotea.