Morse imetoka mtihanini, na mkono je?

"Wazee wanabana mlango." Mjadala wa leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya watu binafsi wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu bila malipo, ukianza, kauli hii ndiyo hutangulia. Wanaosemwa ni wale wanaotaka mwombaji apimwe sawasawa kabla hajapewa alama ya mwito, yaani jina la kituo chake hewani, na ruhusa ya kurusha mawimbi: ajue Morse, lugha ya nukta na mistari, na kama si Morse basi aonyeshe kazi ya mkono. Wanaowasema wanataka maswali machache ya kuchagua jibu, vijana waingie, masafa yasikike watu. Kila upande una haki yake. Ila wazee husemwa zaidi kuliko wanavyosikilizwa, na hapa Unguja na Pemba hoja yao ina uzito ambao haupatikani kila mahali.

Kanuni yenyewe inajulikana. Hadi 2003, Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zilimtaka anayetumia masafa ya ridhaa chini ya megahezi 30 athibitishe kwamba anaweza kutuma na kupokea Morse. Mkutano wa Geneva wa mwaka huo ukaiachia kila nchi iamue, na hicho ndicho kifungu cha 25.5. Uingereza iliiondoa mwaka huohuo, Marekani ikafuata Februari 2007. Melini ilikuwa imeshaachwa tangu 1 Februari 1999, mfumo wa GMDSS, wa kuomba msaada baharini kwa setilaiti na redio, uliposhika nafasi yake. Kwetu leseni iko kwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, maana posta na simu ni jambo la Muungano. Wa Chake Chake na wa Mwanza wanafuata sheria moja.

Wanaotaka mlango mpana si wavivu, na mfano wao mkubwa ni Japani. Kule daraja la nne linaruhusu wati 10 kwenye mawimbi mafupi bila Morse, na liliruhusu hivyo hata zama ambazo dunia nzima iling'ang'ania Morse. Katikati ya miaka ya 1990 Japani ilikuwa na vituo vya ridhaa zaidi ya milioni 1.3. Wengi huishia kwenye tarakimu hiyo, wakaona kesi imekwisha. Lakini isomeni mpaka leo: vimebaki pungufu ya 400,000. Mtihani haukuwa mgumu zaidi katika kipindi hicho. Ilikuja simu ya mkononi, ikawapa wengi walichokuwa wakikitafuta, wakazima redio. Kwa hiyo tarakimu ileile inasema mambo mawili: mlango mwepesi unajaza nyumba haraka, na waliojazwa na wepesi peke yake hawakai. Hata hivyo wazee wasiigeuze fimbo. Hao waliobaki ni wengi kuliko nchi nyingi zilizokuwa na mtihani mkali, na katika soko lile ndimo zilimokulia Yaesu, Icom na Kenwood, ambao redio zao ziko mezani kwa karibu kila mwanaredio duniani, mzee na kijana.

Kwetu hoja ya idadi inauma zaidi. Mara nyingi anayesikika kwa 5H1, mwanzo wa alama za mwito za Zanzibar, ni mgeni aliyekuja wiki mbili, anawapa wenzake wa Ulaya nafasi ya kuandika AF-032 ya Unguja au AF-063 ya Pemba kwenye daftari zao za visiwa walivyowasiliana navyo, kisha anapanda ndege. Mwanafunzi wa Taasisi ya Karume pale Mbweni, anayejua kulehemu na kusoma mchoro wa saketi, ukimwambia akae miezi minne akifanya mazoezi ya nukta na mistari kila siku ndipo aguse redio, atakwenda kufanya jambo jingine, na hatakuwa amekosea. Mtihani wa kasi ya Morse uliwafungia nje watu wengi wenye mikono mizuri na masikio mazito. Hilo lazima likubaliwe.

Sasa wazee wanatetea nini hasa? Morse ilikuwa uzio, lakini ilikuwa pia chuo. Kufika maneno 12 au 13 kwa dakika kulimlazimu mwanafunzi akae miezi na mtu ambaye tayari ana redio. Katika miezi hiyo alimwona anavyofunga plagi, anavyosikiliza kwanza kabla ya kuita, anavyonyamaza akikuta masafa yana watu. Mtihani ulipima sikio, ila mkono ulifundishwa humohumo. Sikio lilipoondolewa mtihanini, mkono ukaondoka nao, na ni wachache walioutafutia mahali pengine. Marekani daraja la kwanza ni maswali 35, kufaulu ni 26, na benki nzima ya maswali, zaidi ya 400, imechapishwa pamoja na majibu. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri anaikariri bila kushika waya. Waingereza walijaribu njia ya kati mwaka 2002: leseni ya awali ya wati 10, Morse kidogo huku unatazama karatasi yenye herufi, na sehemu ya vitendo ambapo mwombaji aliunganisha antena na kuzungumza hewani mbele ya msimamizi. Ulikuwa mpango mzuri. Mwaka 2020, wakati wa Korona, mtihani ukahamia kwenye kompyuta nyumbani, na kilichoachwa kwanza ni vitendo.

Ichukueni plagi moja tu, ile ya PL-259 inayoingia nyuma ya redio. Unamenya ganda la nje la kebo, unapaka lehemu msuko wa shaba, unamenya kiini, unaisukuma plagi mpaka ikae, kisha unalehemu kupitia matundu manne ya ubavuni na kwenye ncha. Mita inapitishwa: kiini kwa kiini kunapita, kiini kwa ganda hakupiti. Kwa upande wa antena, baada ya hapo inakuja tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na hapa wengi hukosea. Huanzwa chini kwenda juu, ili kila mzunguko uulalie ule wa chini yake kama makuti yanavyolaliana juu ya paa. Ukianza juu, unajenga mifereji ya kuingizia maji. Kebo nayo iachiwe tumbo kabla haijaingia ndani, matone yadondokee hapo.

Kwa nini uchungu wote huu? Kwa sababu ya hewa ya chumvi. Nungwi au Kigomasha, plagi isiyozibwa hunyonya unyevu, na msuko wa kebo huuvuta ndani kama utambi unavyovuta mafuta. Shaba inageuka nyeusi, kisha inaota kutu ya kijani, nguvu inapotea njiani. Na hapa pana mtego ambao mtihani wa kukariri hauugusi. Kebo inayooza huonekana nzuri kwenye kipimo. SWR, kipimo cha kiasi cha mawimbi yanayorudi redioni, ikipimwa kwenye redio hushuka, kwa kuwa mawimbi yanayopaswa kurudi kutoka antenani yanamezwa na kebo kabla hayajafika kwenye mita. Aliyekariri kwamba moja kwa moja (1:1) ndiyo SWR bora anaitazama mita, anafurahi, na antena yake haisikiki hata Mkokotoni. Aliyefundishwa kwa mkono anaipandia antena na kupima pale pale juu, au anaweka mzigo bandia wa ohm 50, kizuizi kinachoshika nafasi ya antena, mwisho wa kebo na kulinganisha nguvu inayoingia na inayotoka. Swali la karatasi haliwezi kuwatenga watu hawa wawili. Wote watapata alama.

Tofauti hiyo inaonekana siku ya shida. Redio mbili za mkononi za megahezi 145, kila antena ikiwa mita 10 juu, zinaonana kiasi cha kilomita 26. Baada ya hapo mviringo wa dunia umeziba. Kutoka Mji Mkongwe hadi Wete ni zaidi ya kilomita 120. Njia ya kufika ni kushuka hadi megahezi 7 na kuiweka antena chini, jambo linalomshangaza kila anayeanza. Gawa 143 kwa 7.1 unapata mita 20.14, yaani mita 10.07 kila upande. Kata mita 10.5, kisha punguza kidogo kidogo huku unapima, kwani waya wenye ganda la plastiki huhitaji kuwa mfupi zaidi ya hesabu. Funga mita nne au tano tu juu ya ardhi. Mawimbi yanapanda wima, yanagonga tabaka la juu la anga, yanashuka na kuifunika Unguja, Pemba na Tanga kwa pamoja wakati wa mchana. Ukifunga baina ya minazi miwili, mwisho mmoja upite kwenye kapi na uning'inizwe jiwe. Minazi huyumba wakati wa kusi, na waya uliokazwa hukatika.

Na shida kwetu si ya kubuni. Tarehe 21 Mei 2008 umeme unaotoka bara ulikatika Unguja, ukarudi 18 Juni. Disemba 2009 ukakatika tena, safari hii miezi mitatu. Tazameni wiki nne za 2008 kwa hesabu ya betri. Betri ya 100Ah (ampea-saa) ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo una 50. Redio ya wati 100 inakula ampea 1 ikisikiliza, na kwa sauti ya mtu wastani wa ampea 8 hivi ikirusha. Saa 12 za kusikiliza na saa moja ya kurusha ni 20Ah kwa siku: siku ya tatu umekwisha. Redio ndogo ya Morse ya wati 5 inakula kama ampea 0.1 ikisikiliza na ampea 1 ufunguo ukibonyezwa, na ufunguo haubonyezwi zaidi ya nusu ya muda. Matumizi yaleyale ni 1.7Ah kwa siku. Betri moja, bila kuchajiwa, inakwenda siku 29. Hizo ndizo wiki nne, na siku moja juu.

Hesabu hii ndiyo inayowafanya wazee waishike Morse, nayo ni ya kweli. Lakini paneli ya jua ya wati 50 kwa jua letu inarudisha kiasi cha 15Ah kwa siku, na paneli leo ziko kila duka la umeme Darajani. Faida ya Morse imepungua. Vijana nao wana jibu lao, FT8, mfumo wa kompyuta uliotoka 2017, unaosomeka hata pale ambapo sikio halisikii kitu. Jibu zuri, lenye ufa mmoja: kila ujumbe unakwenda kwa vipande vya sekunde 15, na saa ya kompyuta ikipotoka zaidi ya sekunde moja au mbili, husikiki tena. Saa hiyo huchukuliwa kwenye intaneti. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na Tanzania nzima ikayumba. Dawa ni kipokezi kidogo cha GPS kinachochomekwa kwenye kompyuta. Ni kitu rahisi, lakini mtu awe amekiweka kabla.

Wazee wanakosea wanapodai Morse yenyewe irudi mtihanini, au wanapoifanya nasaba. Ni kweli waya wa telegrafu ulifika kwetu kwa njia ya bahari mwaka 1879, na ni kweli Zanzibar ilikuwa na alama yake ya mwito, VQ1, na kuhesabiwa peke yake katika orodha ya wanaredio hadi 1974. Ni urithi wa kupendwa. Haumfanyi mwenye kasi ya maneno 20 kuwa mwangalifu kwenye masafa. Na redio nyingi za bei nafuu za mkononi leo zinafika hadi megahezi 156.8, chaneli 16 ya bahari, ya kuitia msaada. Baada ya MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, hakuna Mzanzibari anayehitaji kuelezwa kwa nini chaneli ile isichezewe, na ujuzi wa Morse hauzuii kidole kubonyeza pasipotakiwa.

Mkutano uleule wa Geneva ulioiachia Morse uliongeza pia kifungu cha 25.9A, kinachozihimiza nchi ziviwezeshe vituo vya ridhaa kujiandaa kwa maafa. Wanaopenda 25.5 hawakitaji. Na 25.6 bado kinaitaka kila nchi ihakikishe mwombaji ana uwezo wa kiufundi na wa kuendesha kituo. Kwa maoni yangu karatasi peke yake haithibitishi hilo, na kuongeza sehemu ya mkono ni kutimiza kilichokwishaandikwa.

Sehemu hiyo haihitaji mambo makubwa. Leseni ya awali ya wati 10; dakika 40 kila mmoja; waya mita 25, kebo, plagi, pasi ya kulehemu, mita na redio moja, chini ya alama ya mwito ya msimamizi. Ifanywe siku moja Mbweni na Chake Chake, ili wa Micheweni asilipe nauli ya boti kwa ajili ya mtihani. Watahiniwa wakate antena, wafunge plagi, wapime juu na chini. Kisha wa Chake Chake asome ujumbe wa maneno 20, wa Mbweni auandike na kuurudia. Yakifika yote 20, wamefaulu wote wawili. Likikosekana hata moja, wanashuka pamoja na wasimamizi kulitafuta: kwenye plagi, kwenye urefu wa waya, au mdomoni mwa msomaji.