Lango la Mbao Lisilo na Mlinzi

Jumamosi moja ya Desemba nilitembea kwa miguu kutoka kijiji cha Craster, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, hadi kwenye magofu ya ngome ya Dunstanburgh, mwendo wa takriban kilomita 2 kando ya Bahari ya Kaskazini. Njiani kuna lango dogo la mbao linalozuia kondoo wasitoke malishoni. Nilisimama hapo kwa mazoea, nikitazama huku na huku kumtafuta mlinzi wa kuniuliza ninakwenda kwa nani. Hakutokea mtu. Nikalisukuma, nikapita, nikalifunga nyuma yangu, na tangu siku hiyo lango lile halijanitoka akilini.

Naona tayari wanaojiandaa kuniandikia kwamba nimekula viazi vya Wazungu miaka michache nikaanza kudharau kwetu. Sidharau. Bahari ile wakati wa baridi ni ya nyuzi 6 au 7, upepo wake unakata masikio, na jua lilizama kabla ya saa kumi alasiri. Huwezi kuilinganisha na maji ya Kunduchi, Dar es Salaam, asubuhi, ngalawa zinaporudi na samaki. Mungu alitupendelea sisi, na hapo ndipo panaponiuma: wenye pwani ya baridi wameifungua, sisi wenye pwani ya neema tumeijengea kuta.

Atakayesema kwamba wao hawaigombanii kwa sababu haiogeleki hajaiona wakati wa kiangazi, magari yanapokosa hata pa kuegeshwa. Iko wazi kwa sababu watu waliidai, na sheria ya mwaka 2009 ikaagiza njia ya miguu ifuate pwani yote ya England, hata inapokatiza mashamba ya watu binafsi. Nasi tunayo sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004, yenye zile mita 60 kutoka ukingo wa bahari zisizoruhusiwa kujengwa, ambazo kila mkazi wa Dar es Salaam anazijua, na kila mmoja amepita kando ya ukuta wa hoteli uliozimeza.

Mwingine atanikumbusha kwamba hoteli zinaleta ajira na fedha za kigeni. Zilete. Usiku ule nililala katika nyumba ya wageni ambayo mwenyeji wake aliniomba tu niache viatu vyenye tope mlangoni, akaniweka karibu na moto wa kuni, kisha akaniletea samaki aina ya heringi waliokaushwa kwa moshi wa mwaloni, kitoweo kilichokipa kijiji kile umaarufu, na ambacho bibi yangu angekisifu kwa harufu tu kabla hajakionja. Nililipa kwa moyo mweupe. Lakini nilichonunua ni kitanda, moto na chakula. Bahari iliyokuwa ikivuma nje ya dirisha haikuwamo katika ankara, na mzee aliyekuwa akimtembeza mbwa wake gizani kule chini hakulipa chochote. Biashara ya mwenyeji wangu haikufa kwa sababu hiyo, kwani ufukwe ule ulio wazi ndio unaomletea wageni.

Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani, mimi na wanangu tuliambiwa tununue vinywaji kwanza ndipo tuyafikie maji, katika ufukwe uleule ambapo baba yangu alinifundisha kuogelea bila kudaiwa hata senti. Mwezi wa saba tutakuja tena. Ninyi mnaoishi Kunduchi na Mbezi, niambieni ni kichochoro gani ambacho bado kinafika baharini, niwapitishe watoto hapo.