Bora Bora sio bora kwa kila mtu

Kila nikimwambia mtu tunaenda visiwa vya Polynesia, kule bahari ya Pasifiki, swali ni lile lile, "mnaenda Bora Bora?" Na siwalaumu, maana Mswahili akisikia jina limetaja bora mara mbili anaona hapo mjadala umeisha. Kumbe wenyeji wa zamani walikuwa wanatamka Pora Pora, wageni ndo wakaligeuza, kwa hiyo huo ubora tumejibandikia wenyewe.

Mimi naishi Auckland, New Zealand, mwaka wa sita sasa, natokea Tanga, na nimezunguka na hii hesabu ya Bora Bora karibu miezi minne usiku baada ya watoto kulala. Hesabu inagoma. Unaruka mpaka Papeete kule Tahiti, saa tano hivi, halafu ndege nyingine ndogo kama dakika 50, halafu bado boti, kwa sababu uwanja wa ndege uko kwenye kisiwa kidogo pembeni, Wamarekani waliujenga wakati wa vita kuu ya pili. Alafu ndo ukutane na bei ya kile chumba cha juu ya maji ambacho kila mtu anakitaka kwa ajili ya picha. Dola elfu moja za Marekani kwa usiku mmoja, na hapo hujala. Kwa familia ya watu wanne hiyo ni kuuza figo, tena sio lako peke yako.

Na hivi vyumba vya juu ya maji mnajua vilianzaje? 1967, kisiwa cha Raiatea, jamaa watatu wa Kimarekani walikuwa na hoteli isiyo na ufukwe wa maana, wakaona basi tuwalaze wageni baharini kwenye nguzo. Yani ilikuwa dawa ya hoteli isiyo na mchanga! Leo mtu analipa mara kumi alale juu ya nguzo wakati mchanga mweupe upo, bure, mita hamsini kutoka hapo. Sisemi sio pazuri, nasema mimi siwezi kulipa mshahara wa mwezi kwa kuangalia samaki kupitia kioo cha sakafuni, nimekulia Tanga, samaki nimeshawaona.

Kwa hiyo tukaenda Rarotonga, visiwa vya Cook, na nitaitetea Rarotonga mbele ya mtu yeyote. Saa nne tu kutoka Auckland, hela ni dola ya New Zealand hiyo hiyo, mtalii anapewa siku 31 mlangoni akiwa na tiketi ya kurudi, na kisiwa chenyewe barabara ya kukizunguka ni kilomita 32. Mabasi wanayaita kwa jinsi yanavyozunguka, moja linafuata mshale wa saa, lingine kinyume chake, ukikosea basi utafika tu, umechelewa kidogo. Katikati mlima, kijani mpaka juu, na kuna njia ya kukata kisiwa kwa miguu ukipita chini ya jiwe wanaloliita Te Rua Manga, mita 413, mimi nilifika na ulimi nje na mke wangu anapiga picha za ulimi.

Ila kabla sijaendelea kujisifu nieleze nilivyoharibu.

Mstari wa tarehe. Kila mtu ameusoma shuleni, mimi pia nimeusoma, na mtihani nilifaulu. Tiketi ilisema tunaondoka Jumamosi asubuhi, nami nikabuku chumba kuanzia Jumamosi, nikajipongeza. Sasa Rarotonga wako nyuma ya Auckland kwa saa 22 wakati wa baridi, maana yake ukiondoka Jumamosi saa tatu asubuhi unatua Ijumaa saa tisa mchana. Ijumaa! Tumesimama uwanjani na shada za maua shingoni, watoto wanafurahi, mama watoto ananiuliza mbona yule wa hoteli hayupo na mimi natazama simu natazama kalenda natazama simu. Akasema, "Baba, wewe si ulisema umemaliza kila kitu?" Nikanyamaza. Tukapata chumba kwa mama mmoja nyuma ya duka, magodoro mawili na feni, na mpaka leo watoto wanasema usiku ule ndo ulikuwa mzuri kuliko yote kwa sababu kulikuwa na jogoo anaingia ndani.

Na kosa lina ndugu yake, kurudi ni kinyume, unaondoka Jumapili jioni unafika Jumatatu usiku, kazini nilikuwa nimeahidi Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo ukipanga, andika tarehe mbili mbili kwenye karatasi, ya kwako na ya kule, usiamini kichwa.

Kitu cha pili ni miezi. Msimu wa vimbunga ni Novemba mpaka Aprili, na hapo ndo utaona tiketi za bei ya kutupa na utashawishika. Februari na Machi 2005 visiwa vya Cook vilipigwa na vimbunga vitano ndani ya wiki tano. Haiji hivyo kila mwaka lakini mimi na watoto sichezi hiyo bahati nasibu. Julai ni kukavu zaidi, nyangumi wanapita karibu kabisa na mwamba unaozunguka kisiwa mpaka unawaona ukiwa umesimama ufukweni, tatizo shule za New Zealand zinafunga mwezi huo huo kwa hiyo nusu ya ndege utakuta majirani zako. Mimi ningeenda Juni au Septemba kama shule zingeniruhusu.

Halafu chakula, na hapa ndo nilipowasamehe umbali wote. Jumamosi asubuhi kuna soko Avarua, mji mkuu wao, linaitwa Punanga Nui, nenda mapema, saa mbili tayari kumejaa. Nikapita kwenye meza moja nikaona mzee amekaa kwenye kibao chenye ulimi wa chuma wenye meno, anakuna nazi. Mbuzi! Mbuzi ile ile ya jikoni kwa bibi, namna ile ile ya kukaa upande, chombo kiko chini, nazi inazungushwa kwa viganja. Nilisimama pale mpaka mzee akadhani nataka kununua kibao. Mke wangu yeye akanunua kitu kinaitwa rukau, majani ya taro (magimbi) yaliyopikwa kwenye tui zito mpaka yamelainika, akaonja kijiko kimoja akaniangalia, hakusema neno, akanipa na mimi. Ni kisamvu cha nazi jamani. Sio sawa sawa, hiki kina utelezi kidogo, lakini ungenifumba macho ningekuambia niko Pangani. Na shelisheli ipo, wao wanaita kuru, wanaichoma motoni kama sisi. Kuna pia ika mata, samaki mbichi ndani ya ndimu na tui, hiyo mimi nilikula mwanangu mkubwa alikimbia. Samaki wa ndani ya mwamba usivue ukala hivi hivi lakini, kuna wenye sumu ambayo moto hauitoi, uliza wenyeji, wao wenyewe wengi wanakula wa bahari kuu.

Vitu vya dukani ni ghali, vingi vinakuja kutoka New Zealand, nyanya niliiona bei nikaiacha ilipokuwa. Kula vya sokoni.

Kitu ambacho wengi wanaopanga safari hawakiweki kwenye ratiba ni Jumapili. Kazini kwetu kuna mama mmoja mzaliwa wa Aitutaki, kisiwa kingine cha Cook (wako wengi Auckland, watu wa Cook walioko New Zealand ni wengi kuliko waliobaki kwao, kule wamebaki kama elfu 15), nilipomwonyesha ratiba yangu ya Excel akacheka akafuta Jumapili yote kwa kidole. "Siku hiyo hupangi kitu, unaenda kusikiliza nyimbo." Nikamwambia mama, mimi Muislamu. Akasema kwani masikio yako nayo ni Waislamu? Tukaenda. Nilikaa benchi la nyuma, akina mama wamevaa kofia nyeupe za ukili uliosukwa mwembamba kama uzi, na walipoanza kuimba bila kinanda, wanaume wakiguna chini na wanawake wakipasua juu, mtoto wangu mdogo aliziba masikio halafu akayazibua. Baadae wageni wote tukaitwa chai. Kule Aitutaki 2008 ndege zilipoanza kutua Jumapili watu waliandamana uwanjani, kwa hiyo usifike na mambo yako ya kutafuta boti siku hiyo.

Wanaouliza kutoka nyumbani, Dar au Nairobi, nawaambia ukweli: shida yenu sio visiwa, ni njia. Ukipita Auckland tafuta kwanza viza ya kupita New Zealand, ukipita Los Angeles unahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki uwanjani. Na wale wanaofikiri viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, inawafikisha Tahiti kwa kuwa ni ya Wafaransa, haifikishi, mpaka iandikwe kabisa kwamba inaruhusu Polynesia ya Ufaransa. Fanyeni hiyo kwanza kabla ya kuchagua kisiwa.

Na chagueni kimoja au viwili. Nimeona ratiba za watu za visiwa sita kwa siku kumi, hiyo ni kazi ya rubani sio likizo. Sisi tulikaa Rarotonga siku saba na Aitutaki siku mbili na bado nilitaka siku moja zaidi ya kukaa tu majini bila sababu.

Nilirudi na noti ya dola tatu, ndio, tatu, ina picha ya binti amepanda papa, benki za Auckland hawaitaki kwa hiyo iko kwenye friji chini ya sumaku. Mama wa kazini anasema mwakani tuende kisiwa cha Atiu, huko huko Cook, kuna mapango na kahawa, na wanaume wanakaa duara porini wanakunywa pombe ya machungwa kwa kifuu kimoja kinachozunguka, nikamuuliza na mimi nisiyekunywa nitafanya nini pale, akasema utashika kifuu. Nimeshaanza kuangalia tarehe. Chumba safari hii nabuku kuanzia Ijumaa.