Chapeni Noti, Halafu Mtuambie Nani Atazipokea

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, binamu yangu mmoja, msomi wa biashara huyo, ameuliza tena: "Serikali si ina mashine ya noti? Ichape basi, tulipe madeni yaishe." Akamwagiwa dole gumba. Nikaizima simu nisije nikatukana mbele ya shangazi.

Binamu, kamuulize Mobutu, aliyeitawala Zaire, yaani Kongo ya Kinshasa ya leo. Mwaka 1967 alipoanzisha sarafu ya zaire, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Kufika Januari 1993, hizo dola 2 ulizipata kwa zaire milioni 5 hivi. Usumbufu wa kuhesabu haukuwepo, kwani ilishatolewa noti moja ya milioni 5, yenye sura ya mzee mwenyewe.

Haya, shaba ilianguka bei miaka ya 1970, na mgodi wa shaba wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Wafadhili nao wakafunga mkono. Hayo simbebeshi yote yeye. Lakini mapato yalipokauka, matumizi ya wakubwa hayakupungua hata senti. Wakachapa. Na noti mpya haifiki kwa wote siku moja! Wa kwanza kuishika ananunua dola kwa bei ya jana. Mwalimu wa Bukavu anaipata mwisho, mchele ukiwa umeshapanda mara kadhaa, tena kama mshahara wenyewe umefika. Kuchapa noti ni kumkata maskini kodi bila kumpa risiti.

Sasa sikiliza kilichofuata. Noti ya milioni 5 ililipwa kwa wanajeshi. Waziri Mkuu, Étienne Tshisekedi, mpinzani wa Mobutu, akatangaza kwamba si pesa halali, na wenye maduka wakaikataa. Mtu ana bunduki, ana njaa, ana mshahara usionunua hata mkate: unadhani ataandika barua ya malalamiko? Kinshasa iliporwa, mamia wakafa, na balozi wa Ufaransa akauawa kwa risasi. Hata 1991 walikuwa wamepora, ila safari hii noti yenyewe ndiyo iliyowasha moto.

Oktoba 1993 ikaja "zaire mpya", 1 kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai, eneo la almasi katikati ya nchi, wakasema hapana. Wakaendelea na noti zao kuukuu, na kwa kuwa hakuna aliyewaongezea nyingine, bei kwao zikatulia kuliko kwingine. Wauza almasi wa Mbuji-Mayi na mama wa sokoni waliendesha sera ya fedha kumshinda gavana wa benki kuu. Raha iliyoje kuliandika hilo!

Zaire ilizikwa 1998, ikaja faranga. Lakini nenda Lubumbashi leo ulipe kwa dola yenye mchaniko mdogo pembeni: utarudishiwa. Dola inakaguliwa kama mchumba, huku faranga iliyochakaa na kunuka samaki ikipokelewa tu, maana hakuna anayekusudia kulala nayo.