Mbuzi ya jikoni si utani

Ndugu mwandishi, nimesoma makala yenu kuhusu majina ya vyombo vya jikoni. Hapo kwenye neno sufuria nakubali: asili yake ni Kiarabu, neno la shaba, hata kama siku hizi nyingi ni za alumini. Lakini kusema mbuzi ya nazi, yaani kile chombo cha kukunia nazi, imeitwa hivyo "kwa utani tu", hapana! Njoo Lindi uiangalie vizuri: miguu ya mbao, mgongo wa kukalia, shingo imechomoza mbele, na ncha ya chuma yenye meno inayotafuna nyama ya nazi ndani ya kifuu, tayari kukamuliwa tui. Halafu mmeandika "mbuzi huyu". Huku chombo ni mbuzi hii. Huyu ni yule wa kuchinjwa. Rekebisheni.