Kama Haioni, Picha Inapata Wapi?

Televisheni ya zamani ilikuwa na utu. Mawimbi yakiwa hafifu ilikupa chenga, lakini mle mle ndani ya chenga mtu ulimwona. Msomaji wa taarifa ya habari alikuwa na vichwa viwili, sawa, ila vyote viwili vilisoma habari ile ile na tukaelewana. Mpira tuliutazama hivyo hivyo: uwanjani wachezaji arobaini na wanne, nusu yao vivuli, na bao likiingia linaingia mara mbili. Picha ikizidi ukorofi, mtoto mmoja anapelekwa nje kuzungusha mlingoti, wa pili anasimama dirishani kupeleka salamu, na mimi niko kwenye kochi natoa amri: "Zungusha! Rudisha! Hapo hapo! Aah, umepitiliza!" Familia nzima ilikuwa na kazi, na hakuna aliyelipwa.

Antena yenyewe sinia. Lile la alumini la kupakulia pilau ya shughuli, linatobolewa katikati, linapigwa msumari kwenye mwanzi, waya unafungwa, na ITV inaingia. Waliotutangulia walifanya makubwa zaidi. Kabla ya 1994 Bara hatukuwa na stesheni hata moja, na hapa Dar watu walisimamisha milingoti inayoshindana na minazi ili wainase Televisheni ya Zanzibar kutoka ng'ambo ya bahari. Mzee mmoja wa Tandika aliniambia upepo wa kusi ukivuma vizuri alikuwa anaona taarabu bila chenga kabisa. Kusi na mawimbi vinahusiana vipi sijui, lakini mzee wa Tandika hapingwi.

Halafu ikaja dijitali.

Sikatai, tulitangaziwa. Televisheni yenyewe ilituambia kila siku kwamba usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia inazimwa Dar es Salaam, kila mtu atafute king'amuzi. Nchi za Afrika na Ulaya zilikuwa zimepewa hadi Juni 2015. Sasa mimi kwa malezi yangu, nikipewa hadi Juni 2015 naanza kushtuka Mei 2015. Lakini sisi, watu wa "njoo kesho", watu ambao harusi ya saa nane inaanza saa kumi na mbili, hili moja tukaamua kuliwahi. Wakenya walivuta hadi 2015, tena kwa ugomvi, stesheni zao kubwa zikakaa gizani karibu wiki tatu. Sisi tulizima kwa adabu. Saa sita usiku mtaa mzima unagonga sufuria kuukaribisha mwaka mpya, mimi nagonga televisheni ubavuni. Dodoma na Tanga wakafuata, Mwanza, Arusha, Mbeya, na kila mji ulipozimiwa nilipata ndugu mpya wa kunipigia simu: "Eti kaka, nyie huko mlifanyaje?" Tulilala mapema, ndicho tulichofanya.

King'amuzi nikanunua. Kampuni siitaji, nina watoto wa kulea. Nilijua ni kitu cha kununua, kuchomeka, kukaa. Kumbe kina kadi, na kadi ina mwezi, na mwezi wa king'amuzi ni mfupi kuliko mwezi wa mshahara. Tuliambiwa chaneli za nyumbani zitaonekana hata usipolipia. Kwangu yalionekana maneno ya Kiingereza kwenye kioo cheusi. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada akaniambia simu yangu ni ya thamani sana kwao, akaniwekea muziki, muziki ukapiga mpaka salio likakata. Muziki wenyewe mzuri, sisemi.

Basi nikatafuta kingine, kisicho na habari ya mwezi. Nacho kikaja na antena yake ya ndani, kijiti kimoja cha urefu wa kalamu chenye sumaku chini. Muuzaji akasema inakamata mpaka Chalinze. Nilipofika nyumbani kilichokamatwa ni friji, kwa ile sumaku.

Na hapa ndipo dijitali ilipoonyesha roho yake. Analojia ulikuwa unaweza kuibembeleza. Hii haina bembelezo. Fundi redio mmoja Kariakoo alinieleza vizuri, huku anachomelea redio ya mtu mwingine: picha siku hizi inasafirishwa kwa tarakimu, na king'amuzi kina akili ya kuzisahihisha zile zinazoharibika njiani. Zikiharibika chache, picha inang'aa na wewe hujui lolote. Zikizidi kiasi chake, kinasusa. Hakikupi nusu picha, hakikupi sauti peke yake ujue nani kafunga. Kinagandisha mtangazaji mdomo wazi, macho nusu yamefumba, kisha kioo cheusi. Waziri mmoja aliganda kwangu akiwa kwenye neno "tutahakikisha", na hadi leo sijui walihakikisha nini.

Ukiingia kwenye menyu kuna vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora. Kwangu nguvu asilimia themanini na kitu, ubora sifuri. Kama shemeji yangu aliyekuja kwa wiki moja: mwili upo, faida hamna. Fundi akasema nguvu peke yake si kitu, huenda ni kelele na mawimbi yanayogongana kwenye mabati na maghorofa. "Tengeneza antena ya UHF, yale masafa ya televisheni, uiweke nje," akasema. "Utengeneze mwenyewe, si kazi."

Neno "si kazi" likitoka kwa fundi, ujue ni kazi.

Nina kijana kidato cha tatu, fizikia anapata alama ambazo hazisemeki mbele ya wageni. Siku hiyo akageuka profesa. "Baba, mawimbi yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Chukua 300, gawanya kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita." UHF ya televisheni inaanzia megahezi 470. Akagawanya: sentimita 64 hivi, nusu yake 32. Ukipanda juu kuelekea megahezi mia saba, wimbi linazidi kuwa fupi, ndiyo maana nyaya zinakunjwa umbo la V, zipanuke zipokee fupi na ndefu. Nikamtazama. Nikamuuliza haya yote mbona kwenye mtihani hayatoki. Akasema mtihani hauulizi televisheni.

Tukapata ubao. Nyaya za shaba zilitoka kwenye waya wa umeme uliobaki fundi alipotufungia soketi. Tulikwangua plastiki kwa kisu cha mboga, na mama watoto alipokitafuta kisu tukamwambia hatujakiona. Tukakata vipande, tukavikunja V, tukavipanga ubaoni jozi kwa jozi na kuvibana kwa skurubu. Katikati kinakaa kidude kidogo cha plastiki chenye mikia miwili upande mmoja na tundu la waya wa antena upande wa pili, hicho tulinunua. Nyuma ya ubao, kiasi cha upana wa kiganja, lazima kuwe na wavu wa chuma wa kurudisha mawimbi mbele yasipitilize.

Wavu ulikuwepo. Ulikuwa kwenye banda la kuku la mama watoto.

Sikuuchukua wote. Nilichukua ubavu mmoja, nikaziba kwa gunia, na gunia kuku walilitatua kabla sijashuka kwenye ngazi. Jioni hiyo mtaa wetu ulikimbizana na kuku tetea na jogoo mmoja mwenye kiburi, na jogoo akapatikana kwa muuza chipsi, mzima, ila amefungwa miguu. Muuza chipsi anasema alikuwa anamtunzia mwenyewe. Mimi na yeye tunasalimiana tu.

Antena ikawa tayari, kubwa, ina masharubu. Sasa iwekwe wapi? Wenye nyumba zao hawalijui swali hili. Sisi tumepanga, vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko, kisima, choo na bafu la mabati lisilo na paa. Juu ya chumba changu, ubora sifuri. Juu ya chumba cha kwanza, sifuri. Kwenye mwembe, sifuri na siafu. Tukaizungusha uani na king'amuzi na televisheni vikiwa juu ya stuli, waya wa umeme unavuka jiko la watu, kila mpangaji anatoa ushauri. Mwisho kijana akapanda ukuta wa bafu, akaiinua, akaielekeza, si kwenye mnara, bali kwenye ghorofa jipya la jirani upande wa pili kabisa. Ubora ukaruka hadi asilimia sabini. Mnara umezibwa na maghorofa mengine, lakini ukuta wa ghorofa lile unaturudishia mawimbi. Picha ikatulia tuli, ukaona mpaka vumbi kwenye koti la mtangazaji. Uani wakapiga makofi. Nikaikandamiza hapo hapo juu ya bafu kwa mlingoti wa bomba.

Amani ilidumu hadi saa kumi na mbili jioni.

Mama wa chumba cha nne alikwenda kuoga, akainua macho kujimwagia kopo la kwanza, akaona lile dubwana na masharubu yake limemwinamia. Yowe lake lilivusha watu barabara. Alitoka na povu, kanga ameifunga kwapani, anauliza ni nani aliyeweka kidude cha kuchungulia wake za watu.

Nikajieleza. Nikasema ile ni antena, ni nyaya na ubao, haina jicho, haioni.

Akaniuliza, mbele ya kadamnasi: "Kama haioni, picha inapata wapi?"

Jamani. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, nikaongezea na ufundi cherehani. Nilifungua mdomo, nikaganda, maana swali lile ukilijibu haraka unazidi kuharibu. Kijana akaanza na kilomita 300,000 kwa sekunde, wanawake wakaguna. Mama watoto, ambaye ndiye angenitetea, alikuwa bado anahesabu kuku. Ikasemwa kwamba ndiyo maana nilikataa kuiweka kwenye mwembe. Ikasemwa kwamba televisheni yangu tangu jioni ilikuwa inaonyesha vizuri mno.

Akaitwa mjumbe. Mjumbe wetu ni mtu wa haki, anasikiliza pande zote mbili kisha anaamua alichokuja nacho. Alikagua antena kutoka chini. Akaikagua kutoka juu ya ngazi. Akaingia bafuni, akafunga mlango, akakaa humo kidogo, kisha akatuma mtu atazame kwenye televisheni kama anaonekana. Hakuonekana. Ilikuwa tamthilia ya Kifilipino. Mama wa chumba cha nne akasema haiwezekani ionyeshe muda huo, inahifadhi kwanza, itaonyesha usiku wanawake wamelala.

Hukumu ikatoka: antena ibaki, kwa sababu ni haki ya mwananchi kupata habari, lakini istiriwe. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili na nusu usiku, muda wa watu kuoga, ifunikwe nguo nzito. Nikauliza kwa heshima zote, mzee, hujaona kwamba muda huo ndimo yamo matangazo yote ya maana, na taarifa ya habari ni saa mbili kamili? Akasema utasikiliza redio. Nguo nzito ilitolewa na mlalamikaji mwenyewe, blanketi, na analilowesha kwanza ili "lisipeperuke". Likiwa kavu tungeweza kuelewana. Likiwa limelowa, mawimbi hayapenyi kitu, ubora unarudi sifuri.

Na uchungu wenyewe si huo. Kijana ananiambia sehemu ya yale masafa ya zamani, yaliyoachwa wazi analojia ilipoondoka, wamepewa watu wa simu. Kwa hiyo hewa iliyokuwa inanipa picha bure kwa sinia, sasa naiona mikononi mwa wanangu, imefungwa kwenye bando, inauzwa kwa megabaiti, na ikifika katikati ya mechi inaniambia nimetumia asilimia mia ya kifurushi changu. Ligi nayo iko kwenye king'amuzi cha kulipia, kwa hiyo hata antena ikiwa uchi saa ishirini na nne, derby naitazamia kibanda umiza, nimesimama, mbele yangu kuna mtu mwenye kofia.

Juzi mjumbe kaja mwenyewe, saa moja na dakika hamsini, kavaa kanzu. Kasikia waziri atatangaza jambo kuhusu posho za wajumbe. Kwake king'amuzi kimekata mwezi. Kakaa kwenye kochi langu, kwenye ile nafasi yangu, kaomba maji, kaelekeza macho kwenye kioo cheusi.

"Washa, bwana."

"Imewaka, mzee. Imestiriwa."

Kanitazama. Kaitazama saa. Kamtuma kijana wangu apande aondoe lile blanketi mara moja, kwa amri yake yeye, dharura ya kiserikali. Kijana kafika ukutani, karudi mbio.

"Mzee, mama wa chumba cha nne yuko ndani anaoga. Anasema mumwambie mjumbe leo ana kichwa cha kuosha, na dawa bado haijakolea."