Mbegu Zenu Zina Virusi

Nilikuwa na miaka 26, shahada ya pili bado inanukia wino, na hii ilikuwa safari yangu ya kwanza kutumwa kuongea na wakulima. Bosi wangu kituoni alinipa onyo moja tu: "Kiingereza ukiache hapahapa. Ongea Kiswahili chepesi." Nikajifungia siku tatu kutafsiri. Nilipomaliza nikajipongeza kwa soda.

Kijiji chenyewe kilikuwa wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani, Machi 2017, masika yakinukia. Mkutano uliwekwa Ijumaa baada ya swala, chini ya mwembe. Somo langu: michirizi kahawia ya muhogo.

Ugonjwa huu ni mnafiki hasa. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, angalau ina adabu: majani yanajikunja mapema, hata mtoto anajua mmea unaumwa. Michirizi kahawia inakutabasamia. Shina limesimama, majani yana umanjano kidogo ambao utausingizia ukame, unasubiri miezi tisa, kumi, unang'oa, unakata, ndani kumeoza rangi ya udongo na kukauka kama gome. Wanasayansi waliueleza tangu miaka ya 1930, kule Amani, Tanga. Wakati huo bibi zetu walikuwa wakilaumu mvua, panya na jicho la jirani.

Nilibeba mihogo mitano yenye ugonjwa kwenye mfuko wa sandarusi, nia yangu niipasue mbele ya watu waone wenyewe. Nilipofika nikampa mke wa mwenyekiti. "Mama, naomba uniwekee." Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Pale ndipo ningeshtuka.

Mwenyekiti akanitambulisha. Alitakiwa aseme nimekuja na ujumbe wa afya ya mimea. Akasema nimekuja na ujumbe wa afya.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba!"

"Nimekuja na jambo zito, nitalisema bila kuficha. Mbegu zenu zina virusi."

Kimya. Hata kuku waliokuwa wakiparua pale walitulia.

Kichwani mwangu mbegu ni zile pingili za shina zinazopandwa, kama kila mkulima wa muhogo anavyoziita. Lakini neno muhogo lilikuwa bado halijatoka kinywani mwangu, na virusi, kwa redio zetu za miaka ile, vilikuwa vya aina moja tu.

"Virusi hivi havina dawa," nikaendelea, nikifurahi kuona wamekodoa macho. "Vikishaingia vimeingia. Na kwa macho huwezi kujua." Nikanyoosha kidole kwenye shamba lililokuwa nyuma ya mwenyekiti. "Kwa mfano huu hapa. Unaonekana mzima, umenawiri, kumbe ndani umeshaoza!"

Mwenyekiti akajishika tumbo.

Hapa nina ugomvi na sarufi yetu. Mmea ni "u", na wewe ni "u". Lugha yote hii, na ngeli zote tulizochapiwa viboko, wamekosa silabi ya ziada ya kumwokoa mtoto wa watu?

"Kinachotumaliza ni kupeana mbegu ovyo," nikasema. "Jirani anampa jirani. Shemeji anatoka Rufiji na mbegu zake, anakuja kuzigawa hapa, na nyinyi mnapokea tu!"

Kina mama waliokaa mkekani wakaziba midomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Mzee mmoja akasimama polepole, mkongojo mkononi.

"Binti yangu, mimi nina miaka 71. Zangu zina siku nyingi hazijatoka nyumbani. Nazo zipimwe?"

"Lazima, babu. Sihitaji nyingi. Nitapita nyumba kwa nyumba nichukue sampuli mwenyewe."

"Nyumba ipi?" sauti ikatoka mkekani. Alikuwa mkewe.

Pakachafuka. Wazee wakaanza kukumbuka safari za ghafla. Mimi nikaona wamekata tamaa kwa sababu ya ugonjwa, nikakimbilia ukurasa wa mwisho, wenye habari njema.

"Msiogope! Suluhisho lipo, nalo ni Kiroba!"

Sasa, Kiroba ni jina la aina ya muhogo inayostahimili michirizi kahawia. Hilo ni jina lake halali, sikulitunga mimi. Lakini tarehe 1 ya mwezi uleule serikali ilikuwa imepiga marufuku viroba, yaani zile pombe kali za kwenye pakiti za nailoni, na vijana waliokuwa wamelala nyuma ya mwembe walikuwa bado kwenye msiba.

"Nitawaletea mwenyewe," nikasema, "na ni bure."

Vijana wakaamka wote. Mmoja alipiga makofi hadi kofia ikamdondoka. Mgambo naye akaja mbele akivuta mkanda wa suruali.

"Dada, kwa heshima zote. Hilo serikali imeshalisemea."

Ndipo mke wa mwenyekiti akatokea na sinia linalofuka moshi. Mihogo ya nazi. "Mgeni wetu ametuletea zawadi," akawatangazia. "Ila ilikuwa na madoa mabaya, mwanangu, huko sokoni wamekuibia. Nimekata mabovu nimetupa, nimepika mazima."

"Mama! Hiyo ndiyo yenye virusi!"

Bibi mmoja wa mkekani akaniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyevaa shati kinyume. "Kumbe muda wote unasema mihogo?"

Nikasema ndiyo. Akageukia wenzake. "Jamani, ni ule muhogo unaooza ndani tukaukatakata. Anasema ugonjwa wake tunauchukua kwenye mashina tunayoazimana. Si hivyo?"

"Na nzi weupe wadogo," nikadakia, "wale wanaoruka ukitikisa majani. Wanautoa ugonjwa kwenye mmea huu kuupeleka mmea wa pili."

"Na nzi weupe. Basi. Na hicho Kiroba chake ni muhogo, nyie walevi kalaleni."

Dakika moja haikufika. Mimi nilikuwa na kurasa kumi na moja.

Yule mzee wa miaka 71 alikuwa bado hajakaa. Akaelekeza mkongojo kwenye sinia. "Na mtu akila hii?"

"Hana shida, babu. Virusi vya muhogo havimwingii mtu."

"Kula tukuone."

Nikala ushahidi wangu mwenyewe mbele ya umma, na nilirudia, maana ile nazi ilikuwa imekolea. Wengine hawakugusa. "Tumsubiri kidogo," mzee akasema, na kweli walinisubiri, wamenizunguka, kama robo saa.

Wiki mbili baadaye muhtasari wa kijiji ukafika kituoni, una muhuri. Ulisema mtaalamu alitoa elimu ya virusi, upimaji wa mbegu na matumizi sahihi ya viroba, wazee wanne walikataa kupimwa, mihogo ililiwa.

Bosi aliusoma mara mbili, akavua miwani.

"Matumizi sahihi ya viroba," akaniuliza, "ndiyo yapi?"